Kapu la Manju Minza

Kwa miaka mingi sikuona kwamba mama yangu hakukalia kiti cha mtu mwingine. Alipokaribishwa katika nyumba za watu alichagua jiwe, au kinu kilicholazwa, akasema mgongo wake umezoea kitu kigumu. Sikuona kwamba maji aliyanywa kidogo kidogo, funda moja moja, wala kwamba hakuvaa nguo nyingine ila kaniki nyeusi, wakati wanawake wa rika lake walikwisha kuhamia kwenye khanga za maua. Tena nililala naye chumba kimoja kila niliporudi likizo. Baadaye, katika vyuo vilivyo mbali na Kishapu, nilifundishwa namna ya kuwatazama watu na kuandika ninachokiona. Lakini mtu wa kwanza niliyemtazama maishani nilimtazama bila kumwona.

Jina lake lilikuwa Minza. Majirani walimwita Mama Klara kwa ajili yangu, ila uwanjani alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Kijiji chetu kilikuwa upande mkavu wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe. Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, pande mbili za kijiji zilishindana kwa ngoma: sisi wa kusini, na watu wa Bujiku wa kaskazini. Ngoma zote mbili zilisimama katika uwanja mmoja, zikapigwa kwa wakati mmoja tangu asubuhi hadi machweo, na watazamaji ndio waliokuwa waamuzi. Aliyependezwa na upande huu alisimama huku. Akichoka, alihamia kule. Jua lilipozama, upande wenye watu wengi ulikuwa umeshinda.

Sheria kubwa ilikuwa kwamba manju haondoki uwanjani. Manju akitoka, ngoma hunyamaza, na ngoma ikinyamaza siku yake imekwisha. Bujiku, manju wa kaskazini, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, hakuona tabu yoyote katika sheria hiyo. Upande wetu mambo yalikuwa tofauti. Kuwa na manju mwanamke kuliwakera baadhi ya wazee wetu wenyewe. Walimvumilia mama kwa sababu alishinda, nao walikwisha kusema waziwazi kwamba siku atakayoshindwa kukaa uwanjani, uongozi wa nyimbo utarudi kwa wanaume na hautatoka tena. Mama alilijua hilo. Sote tulilijua.

Uimbaji wake ulikuwa na mambo mawili yaliyosifiwa hadi Shinyanga mjini. La kwanza ni unyamavu. Kabla ya kupandisha sauti alinyamaza kidogo, midomo imefungwa, mwili umetulia kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha sauti ilipanda, na watu walihisi ngozi zao zinasisimka. La pili ni duara. Katikati ya mchana wanawake wake walimzunguka, wakatandaza kaniki zao kwa mikono kama ukuta, wakaimba kwa sauti ya chini huku yeye mwenyewe haonekani. Duara lilipofunguka alitokea akiwa na nguvu mpya, na watu walimiminika upande wetu. Nilipokuwa mwalimu katika shule ya misheni niliwahi kumweleza mwalimu mwenzangu, kwa ufasaha mwingi, kwamba duara lile ni mfano wa mwezi unaofunikwa na kufunuliwa. Aliniamini. Nami nilijiamini.

Pamoja na hayo kulikuwa na kapu. Lilikuwa dogo, lenye mfuniko, na lilitunzwa na Scolastika, binamu yake mama aliyekuwa mwitikiaji wake mkuu. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Duara lilipofungwa, kapu lilikuwa ndani. Katika nchi yetu hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, kwa sababu kila manju alidhaniwa kuwa na dawa ya kuvuta watu, na manju anayeshinda sana alidhaniwa kuwa na dawa kali. Mama hakukubali wala hakukana. Mimi, niliyebatizwa na kupewa shule ya kufundisha, niliona aibu. Nilimwomba mara nyingi aliache kapu lile nyumbani. Alicheka tu, akaniuliza kama misheni wamenifundisha pia kuimba toka asubuhi mpaka jioni nikiwa nimesimama.

Mwaka 1954 mavuno yalikuwa mema, na watu walitoka hata Mhunze kuja kutazama. Asubuhi ile, wanawake wakiwa bado wanajipaka mafuta na kufunga njuga miguuni, Scolastika aliweka kapu chini ya mkokoteni wa ng'ombe akaenda kumsaidia mwenzake. Aliporudi halikuwapo. Alitafuta hadi chini ya magunia, kisha akamjia mama akiwa ameshika kichwa. Wanawake walianza kunong'ona kwamba watu wa Bujiku wameiba dawa na kwamba leo hakuna kushinda. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

 Mama alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala la mtama, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Klara," alisema, "shimizi uliyovaa ndani ni ya pamba?"

Nilisema ndiyo. Nilidhani hofu imemvuruga akili.

"Ivue unipe."

Nilimuuliza anataka kuifanyia nini. Alinitazama, na ni kama alikuwa akinipima, kama anavyopimwa mtu kabla ya kutwikwa mzigo.

"Tangu nimzae Masanja, mkojo haunisubiri," alisema. "Nikicheka unatoka. Nikipiga chafya unatoka. Nikipandisha sauti bila kujibana kwanza, unatoka. Katika kapu mlikuwa na nguo zangu za kujihifadhi. Dawa sina, sijapata kuwa nayo."

Masanja, mdogo wangu wa mwisho, wakati huo alikuwa kijana anayechunga ng'ombe. Nilihesabu mavuno yaliyopita tangu kuzaliwa kwake, nikaacha kuhesabu. Nilivua shimizi.

Tulifanya kazi haraka. Alipasua kitambaa kwa meno, akanituma nichote pamba katika gunia lililokuwa limebaki, akanionyesha namna ya kuitoa mbegu na kuitandaza iwe nyembamba pembeni na nene katikati. Vidole vyake vilifanya hayo bila yeye kuvitazama. Akiwa anakunja alinieleza mengine, kwa sauti ile ile aliyoitumia kunifundisha kusuka nywele: kwamba ngozi lazima ipakwe samli isichubuke; kwamba nguo hufuliwa kwa maji ya majivu na kuanikwa juani chini ya kaniki nyingine, isionekane; kwamba zamani alijinyima maji siku za ngoma, akagundua kwamba mkojo ukiwa mchache huchoma na kunuka zaidi, ndipo akaanza kunywa kidogo kidogo; kwamba kabla ya kila sauti kubwa hujibana kwa chini, kama mtu anayezuia mkojo njiani, na akishajibana sawasawa ndipo hufungua mdomo. Nilielewa unyamavu. Nilielewa duara. Nilielewa kaniki, jiwe na kinu. Baba, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita, alileta kipande cha kaniki kila aliporudi nyumbani, nami kila mara nilidhani hajui kuchagua nguo ya mwanamke.

"Baba anajua?" niliuliza.

"Baba yako ndiye aliyenitafutia lile kapu."

Shimizi moja haikutosha siku nzima. Alizihesabu nguo tulizopata, akasema zitamfikisha alasiri kama hatacheka sana, na akanionya nisimchekeshe. Kisha alifunga njuga, akaingia uwanjani.

Aliimba asubuhi ile kama ilivyo kawaida yake, na pengine zaidi. Sasa nilijua kila unyamavu una kazi gani, na kila sauti iliyofuata niliisikia kwa namna nyingine. Wengine waliusikia wimbo. Mimi niliyasikia pia yale aliyokuwa akiyafanya ili wimbo uwepo. Mchana duara lilifungwa, nami kwa mara ya kwanza niliingia ndani nikashika kaniki yangu pamoja na wenzangu. Wale wanawake wote walikuwa wakijua. Walikuwa wamejua siku zote, wakanyamaza kwa ajili yake mavuno baada ya mavuno, wakaacha watu waamini habari za dawa kwa sababu dawa inaheshimiwa.

Upande wa kaskazini, kama tulivyokuja kusimuliwa, kapu lilikuwa limefunguliwa. Vijana walioliiba walisimama mbali, wakauinua mfuniko kwa fimbo. Walipoona vitambaa vyeusi vilivyokunjwa kwa uangalifu walirudi nyuma, wakaamini ni dawa ya namna wasiyoijua. Bujiku alimwita mkewe, Limi, mwanamke mnene mtaratibu ambaye hakuwa mwimbaji. Limi alichukua kitambaa kimoja, akakifunua, akakikunja tena. Alisema hizi ni nguo za mwanamke ambaye mkojo unamtoka, na kwamba zirudishwe. Bujiku alicheka sana. Hakuzirudisha.

Katika ngoma zetu matusi ni sehemu ya mchezo. Manju humchunguza mwenzake mwaka mzima, akajua nani amefukuzwa na mkwe, nani ng'ombe wake wamekula shamba la mtu, na hayo yote huimbwa hadharani, na anayetukanwa hujibu kwa wimbo. Anayekasirika ameshindwa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alasiri, jua lilipoanza kuinama, Bujiku aliponyamazisha watu wake na kuanza wimbo mpya. Alisema Minza wa kusini ana dawa ya ajabu, wamekwisha kuifungua. Alisema dawa yenyewe ni nguo za kumfungia mtoto, ila mtoto huyo ana wajukuu. Kisha akapandisha:

"Manju wenu anavuja! Mwacheni akakojoe, mtuachie uwanja!"

Watu walicheka. Walicheka wa kwao, na baadhi ya wetu nao walicheka, kwa maana wimbo ulikuwa umetungwa vizuri. Nikaona watu wanaanza kuvuka kwenda kaskazini. Wazee wetu walitazamana. Nilimtazama mama nikaona jambo ambalo ni wachache tu waliojua kulitazama: alikuwa amesimama miguu imebanana, na nguo ya mwisho ilikuwa imekwisha kazi yake. Alikuwa na njia mbili. Angebaki, na mbele ya watu wote wa Kishapu na Mhunze kaniki isingeweza kuficha zaidi. Au angetoka, na uongozi wa wanawake ungekoma siku hiyo.

Aliinua mkono. Ngoma yetu ilipunguza sauti lakini haikukoma.

Sikupata kumsikia mama akizungumza uwanjani bila kuimba kabla ya siku ile. Alizungumza sasa, bila haraka, kwa sauti inayofika.

"Bujiku amesema kweli. Mkojo unanitoka. Ulianza nilipomzaa Masanja, mtoto aliyekaa njiani mpaka wakunga wakaanza kulia. Alitoka mzima, nami nikatoka hivi. Tangu hapo nimeimba katika uwanja huu kila mavuno nikiwa hivi hivi, na kila mavuno mmemwacha mwanamume mkavu mkaja kumsikiliza mwanamke anayevuja."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Mtu mmoja wa kaskazini alipiga makofi kabla hajakumbuka yuko upande gani.

"Sasa ninatoka," mama aliendelea. "Ninakwenda kubadilisha nguo, na nitarudi. Scolastika, shika wimbo. Ngoma isinyamaze."

Akageuka akaondoka. Hakukimbia wala hakujifunika. Alipita katikati ya watu kuelekea kwenye mabua ya mtama yaliyokuwa bado yamesimama kando ya uwanja, na watu walimpisha. Scolastika alikuwa hajapata kuongoza wimbo peke yake. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika, na wanawake wakamwitikia kwa nguvu kuliko walivyomwitikia mama mwenyewe.

Nilikuwa nikimfuata mama nilipoona kwamba si mimi tu. Bibi mmoja wa kwetu aliinuka, akajikung'uta mavumbi, akaja. Akaja mwingine. Wakaja wa kaskazini, mmoja mmoja kwanza, halafu kwa makundi, wakivuka mbele ya Bujiku huku anaimba. Baadhi yao nadhani walikuwa na haja tu, kwa kuwa walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi na hakuna mwanamke aliyethubutu kuonekana akitafuta kichaka. Wengine hawakuwa na haja ya kawaida. Limi alikuwa miongoni mwao, na kapu lilikuwa mkononi mwake, bila kulificha, mbele ya macho ya mumewe.

Alimpa mama. "Nimechukua kitambaa kimoja," alisema. "Nitakirudisha nikishafua."

Mama alilipokea. "Tangu lini?"

"Tangu mapacha."

 Mama alifunua kapu akawapa na wengine waliokuwa wakitazama chini. Katika mabua yale mwanamke mmoja mzee, aliyeshika kitambaa kama mtu aliyeshika barua asiyojua kuisoma, alimuuliza mama huvaliwaje, na mama alimwonyesha hapo hapo, kwa subira, ilhali ngoma inamsubiri na jua linashuka. Nilitaka kumharakisha. Nilifurahi baadaye kwamba sikufanya hivyo.

Aliporudi, walirudi naye. Waliingia uwanjani kwa upande wetu kwa sababu yeye aliingia upande wetu, na wakasimama hapo kwa sababu hawakuona tena sababu ya kwenda kwingine. Scolastika alitaka kumwachia wimbo. Mama alimwashiria aendelee, akaingia kama mwitikiaji, mstari mmoja, miwili, ndipo akanyamaza unyamavu wake. Mara hii watu wote walijua anafanya nini. Niliona wanawake wengi wakifunga midomo yao na kutulia pamoja naye, na sauti ilipopanda, ilipanda na za kwao.

Jua lilizama na upande wa kaskazini wa uwanja ulikuwa na wanaume wachache na mbwa. Wazee wa pande zote walikaa na mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliyekuwa mtu wa kupenda sheria. Wazee wa kaskazini walidai manju wa kusini alitoka, kwa hiyo ameshindwa. Na mmoja wa wazee wetu, nasikitika kusema, alitikisa kichwa kuafiki. Mwanangwa aliwauliza sheria inahofia nini, manju kutoka au ngoma kunyamaza. Walibishana. Aliwaacha wabishane hadi wakachoka.

"Mimi sikusikia ngoma ikinyamaza," alisema. "Kuna aliyeisikia?"

Hakuna aliyeisikia. Ushindi ulikuwa wetu, na mama alibaki manju.

Bujiku alikuja mwenyewe kumpa mkono, kama desturi ilivyomtaka. Alikuwa ameaibika lakini hakuwa mtu wa kununa. Alimwambia mama kwamba mwakani hataiba kapu, ataiba ngoma yenyewe.

"Usiibe, baba," mama alimjibu. "Omba. Nawe si kijana tena, nguo hizi zitakufaa karibuni."

Hapo alicheka, kicheko kirefu cha tumbo, asijali chochote. Niliona wanawake waliomzunguka wakicheka naye vivyo hivyo. Nilisimama kando yake bila shimizi, mwalimu wa misheni, nikasikia fahari ambayo sijaisikia tena kwa jambo lolote nililolifanya mwenyewe, hata siku niliyovishwa joho la chuo kikuu.

Baada ya hapo wanawake walianza kuja nyumbani, wengine kutoka mbali kama Ushetu. Walikuja kwa kisingizio cha kuazima ungo au kujifunza wimbo, wakaketi na mama upande wa nyuma, wakaondoka na vitambaa vilivyokunjwa na samli kidogo katika kibuyu. Aliwaambia wazi kwamba hakuwa na la kuwaponya. Alichokuwa nacho ni namna ya kwenda sokoni, kanisani na shambani bila kuogopa, na hicho aliwapa wote.

Mavuno yaliyofuata, wanawake wa kusini na wa kaskazini walijenga pamoja ua wa mabua ya mtama kando ya uwanja, wakaweka ndani mtungi wa maji na nguo safi. Yeyote aliingia alipohitaji, manju au mtazamaji, na hakuulizwa kitu.